Ngozi ya Mtoto Imechoka Kusuguliwa

Kuna mtoto hapa Kisondela, wilayani Rungwe, anaogeshwa mara mbili kwa siku kwa maji yanayofuka mvuke, sabuni ya mche na dodoki. Akitoka kwenye beseni anapakwa losheni yenye manukato, juu ya losheni mafuta ya kung'arisha, na kwenye mikunjo ya viwiko dawa ya tyubu ambayo hakuna daktari aliyeiandika. Usiku anajikuna mpaka shuka inaingia damu. Kukicha, kila anayemwona ana neno: badilisha sabuni, ongeza mafuta, jaribu ile ya dawa, jaribu majani yale, kuna dada pale Tukuyu anachanganya kitu kizuri. Na kila neno linaishia kwenye ngozi ileile iliyokwisha kuchanika.

Nasema basi. Mtoto huyu hajapungukiwa na kitu chochote kinachouzwa dukani. Amezidishiwa. Tiba yake inaanza kwa kuondolewa vitu, na sisi sote tunaomshauri mama yake aongeze tunashiriki kumuumiza.

Hasira yangu haimwelekei mama. Mama wa Kisondela anaamka kabla ya jua, anakwenda kwenye chai au kwenye migomba, anarudi na kuni kichwani, na bado anapata nguvu ya kuchemsha maji ya kumwogesha mwanawe. Hasira yangu inawaelekea wanaomtisha. Tumemfungulia mahakama isiyofungwa, na shitaka ni moja tu: mtoto kapauka. Mtoto akionekana kanisani Jumapili ana weupe wa vumbi magotini, anayehukumiwa ni mama yake. Mvivu. Hajui kulea. Shemeji zake watasema, mawifi watasema, hata mama mkwe aliyekaa kimya mwaka mzima atapata sauti. Basi mama anamsugua mtoto na kumpaka mpaka ang'ae, maana mng'ao umekuwa ndio ushahidi kwamba mtoto ana mtu.

Sisi Wanyakyusa ni watu wa usafi tangu zamani. Mwaka 1879 msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alipita nchi hii iliyoitwa Konde na wageni wa wakati ule, akasifu vijiji vilivyofagiliwa na nyumba zilizojengwa kwa ustadi chini ya migomba. Tunajivunia hilo na tuna haki. Lakini ua ulifagiliwa kwa ufagio, na ufagio ulibaki uani. Leo tumeuhamishia kwenye mwili wa mtoto wa miezi minane.

Ngozi inafanya kazi gani? Tabaka lake la juu kabisa ni jembamba mno, chembe zilizokufa zilizopangwa kwa safu na kugandishwa kwa mafuta ambayo mwili wenyewe unayatengeneza. Tabaka hilo ndilo linalozuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu na kemikali visiingie. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, na kwa mtu yeyote mwenye ngozi nyepesi kudhurika, safu hizo zina mianya, mara nyingi tangu kuzaliwa. Maji yanatoka, ngozi inakauka. Manukato, vumbi na sabuni vinaingia, mwili unapigana navyo, ngozi inawasha. Mtoto anajikuna, mianya inaongezeka. Sasa ingiza sabuni ya mche hapo. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kwenye kipimo cha pH ni kama 5. Sabuni ya mche, iliyopikwa kwa mafuta na kostiki, inafika 9 au 10. Kila hatua ya kipimo hicho ni mara 10, kwa hiyo hatua tano ni mara 100,000. Sabuni ile ilitengenezwa ing'oe mafuta kwenye kola ya shati, na kwenye mkono wa mtoto inafanya kazi hiyohiyo bila kuchagua. Kumwogesha mtoto wa pumu ya ngozi kwa sabuni hiyo asubuhi na jioni ni kung'oa nyasi za paa mwezi wa Machi, mvua za Rungwe zikiwa zinamwagika, kisha kushangaa kwa nini nyumba inavuja.

Halafu baridi. Anayeishi Kisondela anajua Juni na Julai zilivyo: ukungu mpaka saa nne, mikono imekufa ganzi, na hakuna anayetaka kumvua mtoto nguo bila maji ya moto kweli. Maji ya moto sana yanayeyusha yale mafuta ya ngozi haraka kuliko ya uvuguvugu, na yanaamsha muwasho. Mtoto anatoka kwenye beseni anavukuta, anavalishwa sweta ya sufu moja kwa moja mwilini, sweta ambayo ilifuliwa kwa sabuni ya unga na kusuuzwa mara moja kwa haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Sabuni imebaki kwenye nyuzi. Shingo na viwiko vinakaa nayo siku nzima. Maji tunayo huku kwetu. Wengine Tanzania wanalilia ndoo moja. Suuzeni mara mbili, mara tatu, na chini ya sweta mvalisheni fulana ya pamba.

Kuhusu sabuni za dawa sitakaa sana. Zinanunuliwa kwa imani kwamba mtoto anayewashwa ana vijidudu, basi vijidudu viuawe. Mwezi wa Septemba mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizuia viambato 19 katika sabuni za namna hiyo za kunawia na kuogea, triklosani ikiwa mojawapo, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinazidi sabuni ya kawaida na maji. Na dawa ya maji ya kuua vijidudu, ile inayogeuza maji kuwa meupe, ina kazi yake hospitalini na chooni. Kwenye beseni la mtoto mwenye michubuko inaunguza, na mtoto hana maneno ya kusema inaunguza, kwa hiyo analia, na sisi tunasema anaogopa maji.

Kibaya zaidi, tunaanza mapema. Mtoto anazaliwa amefunikwa utando mweupe, na mikono inayompokea inakimbilia kuufuta kwa sabuni kwa sababu unaonekana uchafu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto mchanga asiogeshwe mpaka yapite saa 24, na kama mila inabana sana, angalau saa 6. Utando ule unailinda ngozi na kumhifadhia mtoto joto, jambo kubwa kwa mtoto anayezaliwa Rungwe usiku wa Julai. Bibi zetu na wakunga wanaosoma haya, nawaomba kwa heshima zote: mfuteni damu, mkausheni, mlazeni kifuani kwa mama yake, na beseni lisubiri kesho.

Sasa tyubu. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumizwa kwa kiwango ambacho kingekuwa kashfa kama walioumia wangekuwa na sauti.

Iangalie yenyewe. Imekunjwa kutoka chini kwa kuminywa, karatasi ya maelezo imetupwa siku ya kwanza, jina limefutika nusu kwa vidole vyenye mafuta. Mara nyingi ndani yake kuna vitu vitatu kwa pamoja: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali ya aina ya betamethasoni au klobetasoli. Inaitwa dawa ya ngozi, basi, kana kwamba ngozi ina ugonjwa mmoja. Inauzwa kwenye maduka ya dawa, inauzwa kwenye maduka ya vipodozi, inapatikana mezani karibu na pipi na vocha za simu. Mama hakuulizwa umri wa mtoto. Hakuonyeshwa kiasi. Hakuambiwa aache lini.

Siku ya tatu inafanya muujiza. Muwasho umekwisha, mtoto amelala, mama amelala, na jirani anaomba apewe kidogo. Ndiyo maana hakuna anayetaka kusikia ubaya wake. Lakini mwezi wa tatu ngozi ya mikunjo imekuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, michirizi imetokea kwenye mapaja, na kila siku ambayo dawa haikupakwa uso unawaka moto. Kama tatizo lilikuwa fangasi tangu mwanzo, steroidi imeunyamazisha mwili usipigane nao, na fangasi umetambaa kimyakimya mpaka tumboni, umepoteza umbo lake la duara kiasi kwamba hata mganga mzoefu anaweza kukosea. Mtoto mchanga ana ngozi kubwa ukilinganisha na uzito wake, na dawa inapita kuingia kwenye damu. Klobetasoli ina nguvu mamia ya mara kuliko haidrokotizoni, ile steroidi nyepesi ambayo daktari angeanza nayo usoni kwa mtoto. Anayempa mama klobetasoli ya kupaka shavuni pa mtoto bila neno hata moja amefanya jambo zito, awe anajua au hajui.

Na nisieleweke vibaya, maana kuna kosa la upande wa pili. Steroidi inayostahili, kwa siku chache, mahali palipowaka tu, ni dawa nzuri na inaokoa usingizi wa familia nzima. Kipimo chake ni rahisi: minya mstari mmoja kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka pingili ya kwanza. Huo ni karibu nusu gramu, unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Maelezo haya yanachukua dakika moja kuyatoa. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, ukiwa na nia njema kabisa ya kumfundisha muuzaji wa kijijini ili mwananchi asipewe dawa kwa kubahatisha. Dakika hiyo moja ndiyo iliyokuwa maana ya mpango wote. Iko wapi?

Baada ya tyubu linafuata doa. Kwenye ngozi nyeusi, mara nyingi mahali palipowaka panaacha alama nyeusi zaidi, na alama hiyo inakaa miezi hata muwasho ukiwa umekwisha. Haihitaji kitu. Itafifia yenyewe ikiachwa bila kusuguliwa wala kukunwa. Lakini nani anamwambia binti wa miaka 15 hivyo? Anaambiwa ana uso mchafu, ana madoa, na mtu anamletea kopo la mkorogo. Hivyo ndivyo mtoto aliyeanza na pumu ya ngozi anavyofika kwenye haidrokwinoni na zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini, pamoja na steroidi zenyewe. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa 60 wa figo waliokuwa wakipoteza protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi, zenye zebaki. Mwaka 1972! Wagonjwa wale wangekuwa babu na bibi zetu sasa. Jukumu la vipodozi lilihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na bado makopo yasiyo na orodha ya viambato wala jina la kiwanda yanapanda magari ya Tunduma na kushuka Tukuyu mchana kweupe.

Na wahudumu wetu wa afya wanasaidiwaje kuiona pumu ya ngozi kwenye mwili wa Mwafrika? Vitabu vingi vya tiba vinaielezea kuwa ni wekundu. Kwetu si nyekundu. Inaonekana ya kijivu, ya kahawia iliyoiva, ya zambarau, au vipele vidogovidogo vigumu kuzunguka matundu ya vinyweleo, na ngozi inayokuwa nene na kukunjamana. Mwaka 2020 kijana aliyezaliwa Zimbabwe, Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, alitoa pamoja na walimu wake kitabu cha picha za magonjwa kwenye ngozi nyeusi kwa sababu darasani hakuzipata. Mwanafunzi! Kazi hiyo ilipaswa kufanywa na taasisi kubwa miaka 50 kabla yake.

Wapo watakaosema: basi turudi kwenye asili. Limau, kitunguu saumu, magadi, majani ya kusaga. Hapana tena. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa kwenye ngozi kinaunguza mpaka malengelenge. Maji ya ndimu au limau yakipakwa na mtu akatoka juani yanaacha majeraha na mabaka meusi. Ngozi iliyochanika haijali kama kinachoiunguza kimetoka kiwandani au bustanini. Na piko, ile nyeusi ya harusini inayokauka haraka, si hina. Mara nyingi ni rangi ya nywele, na kiambato chake cha PPD kinaweza kumwachia bibi harusi maua ya malengelenge mkononi na mzio wa maisha yake yote. Kila kitu kinachowekwa kwenye ngozi kama hiyo kinapaswa kujibu swali: unakuja kufanya nini? Manukato hayana jibu. Rangi haina jibu. Povu halina jibu.

Basi nini kinabaki? Vichache, na nitavieleza kama ninavyotaka vifanywe.

Mwogeshe mtoto mara moja kwa siku, kwa maji ya uvuguvugu ambayo kiwiko chako hakiyahisi kuwa ya moto, kwa dakika tano hadi kumi. Dodoki liende likasugue sufuria. Tumia kiganja. Sabuni iguse kwapa, kinena, makalio na nyayo, na iwe sabuni isiyo na manukato, ile laini kuliko zote unayoweza kuipata. Mikono, miguu, mgongo na uso vinatosheka na maji. Mtoto wa miezi sita hajalima, hajabeba mkaa. Ukimtoa, mfute kwa kumgusagusa na kanga laini, usimkaushe kabisa. Ngozi ikiwa bado ina unyevu, hapohapo, kabla hujamaliza hata kumwaga maji, mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi, mwili mzima, kwa kufuata vinyweleo vinavyolala. Jioni mpake tena bila kumwogesha. Chota kwa kijiko safi ili vidole visiingize vijidudu kwenye kopo.

Mafuta ya mgando yamekuwapo tangu Robert Chesebrough alipoyapatia hati miliki Marekani mwaka 1872. Hayana siri, hayana maji yanayohitaji kemikali za kuyahifadhi yasioze, na ni nadra sana mtu kupata mzio nayo. Yanaziba ile mianya na kuzuia karibu maji yote yasitoroke. Ni kopo la bei ndogo kwenye rafu ya chini ya duka lolote la kijijini, chini kabisa, kwa sababu juu pamewekwa yenye faida kubwa. Tahadhari moja ni muhimu kwa nyumba zetu za moto wa kuni: nguo na shuka zilizolowa mafuta zinashika moto haraka. Mtoto aliyepakwa asikae akiota moto karibu na mafiga, na nguo zake zifuliwe mara kwa mara.

Najua kuna atakayesema huu ni ushauri wa watu wasio na hela, na kwamba wenye uwezo wanatumia vitu bora. Tuwaangalie wenye uwezo, basi. Uingereza ilikuwa ikitumia zaidi ya pauni milioni 20 kwa mwaka kwa mafuta maalumu ya kumimina kwenye maji ya kuogea watoto wenye pumu ya ngozi. Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 480: walioogea mafuta hayo hawakupata nafuu ya maana kuliko walioogea maji matupu, wote wakiwa wanaendelea kupakwa mafuta yao ya kawaida mwilini. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Bristol wakalinganisha losheni, krimu, jeli na marhamu kwa watoto 550. Hakuna aina iliyoshinda nyingine. Mafuta mazuri ni yale ambayo familia inaweza kuyapaka kila siku bila kuchoka. Na mwaka 2005, katika hospitali ya watoto ya Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi ya hospitalini pungufu kwa zaidi ya theluthi moja. Alizeti, iliyojaa tele Mbeya na Songwe na Rukwa. Tajiri akilipia mwanawe chupa tano zenye lebo ya dhahabu amenunua chupa tano. Ngozi ya mwanawe inataka kilekile anachotaka mtoto wa mchuma chai.

Wachuma chai wenyewe nao tuwaseme. Mtu anaingia shambani alfajiri majani yamelowa, anatoka mchana mikono imejikunja kwa maji, jioni anaing'arisha kwa sabuni ya unga na brashi ili doa jeusi la chai litoke vidoleni. Haliwezi kutoka lote, na halina ubaya. Ubaya ni nyufa kwenye maungio ya vidole, zinazouma ukishika chumvi. Nawa kwa maji, paka mafuta ya mgando kwa wingi, vaa soksi kuukuu za pamba mikononi ulale nazo. Anayepulizia dawa viazi akiwa amebeba bomba mgongoni avae mikono mirefu, na shati lile lisifuliwe pamoja na nguo za mtoto.

Kupunguza si kukataa hospitali, na hapa niko mkali kwa pande zote. Kuna miwasho ambayo si ya ngozi nyepesi hata kidogo. Bonde letu la Tukuyu ni moja ya maeneo ya ugonjwa wa usubi nchini. Inzi wale wadogo weusi wanazaliana kwenye mito iendayo kasi, na minyoo wanayoiacha mwilini inawasha kwa miaka na kuharibu ngozi na macho. Wagawa dawa wa kijiji wanapopita na Mectizan, ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu 1987, kunyweni. Nyumba nzima ikijikuna usiku, kati ya vidole na kiunoni, huo ni upele, na watibiwe wote siku moja. Duara lenye kingo zilizoinuka ni la fangasi. Mtoto mwenye pumu ya ngozi akitoa usaha, akipata maganda ya rangi ya asali au homa, asilale nyumbani; hospitali ya Makandana si mbali, ya Igogwe ipo. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi kimewafundisha maafisa tabibu kutoka mikoani kuyatambua haya bila kusubiri daktari bingwa. Halmashauri ya Rungwe ipeleke wake, na akirudi asipangiwe kazi nyingine.

Na kuna ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao kitu kimoja cha ziada ni haki yao na si anasa: mafuta ya kukinga jua. Moshi wanatengeneza Kilisun kwa ajili yao mahsusi. Msidanganyike na mawingu ya Rungwe. Miale inayounguza inapita kwenye mawingu, na kila ukipanda mita 1,000 inaongezeka kwa kama asilimia 10. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta hayo, kila siku, ukungu au jua. Shule inayomlazimisha mtoto mwenye ualbino avue kofia gwarideni kwa ajili ya nidhamu inamtengenezea saratani.

Sasa nawasemea wahusika kila mmoja na lake. Wauzaji wa Tukuyu na wa vijijini: steroidi kali ziondoeni kwenye rafu ya vipodozi leo, na anayekuja na cheti apewe pamoja na ile dakika moja ya maelezo. TBS na mamlaka ya dawa, TMDA: ukaguzi usiishie Kariakoo, njooni Tukuyu siku ya soko. Watangazaji wa redio mnaosoma matangazo ya sabuni inayotibu chunusi, fangasi, madoa na pumu ya ngozi kwa pamoja: mnaijua nguvu ya sauti zenu majikoni mwetu, acheni kuikodisha kwa uongo. Ndugu wanaokuja Desemba kutoka Dar na mabegi ya losheni za mtoto zenye harufu ya stroberi: leteni fulana za pamba. Na wewe utakayemwona mtoto amepauka kanisani Jumapili hii, usimguse mama yake kwa neno. Ukiwa na la kusaidia, nenda dukani, inama kwenye rafu ya chini, mnunulie kopo la mafuta ya mgando yasiyo na harufu, umpelekee nyumbani bila kumshauri kitu kingine.